Ubao Wangu na Lango Lako

Manyatta, Kisumu
Ijumaa, saa kumi jioni

Akoth mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini yako naijua. Asubuhi nimekuona ukikunja zile jezi mbili, ukizikunjua, ukizikunja tena, kisha ukatoka na shangazi yako kwenda Seme kumuaga nyanya yako. Hali yangu utaijua kabla hujafika mwisho wa karatasi hizi. Nimefunga karakana mapema. Mvua inajikusanya upande wa ziwa, na kuna bango la duka la dawa ambalo nilipaswa kulimaliza leo. Limebaki herufi tatu na nimeliacha hivyo hivyo.

Mambo ya kila siku nayaruka. Shangazi yako amekwambia yote ya Nairobi, mengine mara mbili, na yeye angalau amewahi kuishi huko. Mimi nataka kukuandikia kuhusu ubao.

Ulizaliwa ukaukuta umetundikwa nje, kati ya mlango wangu na wa Ouma kinyozi. Kila Ijumaa ya msimu nimeandika hapo kwa chaki utabiri wangu wa hoki: nani na nani, ngapi kwa ngapi. Watu walidhani nina kichaa. Mji mzima unazungumza mpira wa miguu, na fundi wa mabango anakaa akiwaza mpira wa magongo. Lakini nilikuwa nimeupenda tangu ujana, nilipopewa kibarua cha kupiga chokaa mistari ya uwanja wa ile shule ya wasichana. Nikimaliza mistari nilikuwa nasubiri ndoo yangu, na nikiisubiri ndoo nilikuwa natazama mechi. Mwishowe hata nikipewa ndoo nilikuwa siondoki.

Kwenye mpira wa miguu ningekuwa mtu mmoja kati ya maelfu wenye maneno mengi. Kwenye hoki nilikuwa peke yangu, na nilikuwa napatia. Nilipatia mara nyingi hadi watu wasiojua gongo linashikwa vipi wakawa wanapita Ijumaa kusoma ubao na kubishana. Nilijisikia mtu. Sioni sababu ya kukuficha hilo, nilijisikia mtu mkubwa sana.

Leo mchana Ouma ametoka kwake na makasi mkononi, amemwacha mteja amenyolewa nusu kichwa. Akasimama mbele ya ubao.

"Omera, ndugu yangu, watu wanauliza. Mchujo ni wiki ijayo na ubao iko tupu. Ama hii ya msichana yako unaogopa?"

Nikamwambia chaki imeisha. Akatazama pakiti ya chaki iliyokuwa mezani pangu, mpya, haijafunguliwa, kisha akarudi kwa mteja wake. Ouma ana adabu kuliko anavyoonekana.

Basi ngoja nikuandikie wewe utabiri ambao sijauandika pale.

Nusu fainali ya kwanza, Mwewe na Nyota ya Mlima, hainisumbui. Nyota ni wasichana wazuri, wana mbio, lakini mabeki wao wana ugonjwa wa kupiga chenga ndani ya duara la lango lao wenyewe, na hakuna kocha aliyewahi kuwatibu. Mwewe watawasubiri hapo hapo. Mbili kwa moja, Mwewe. Bao la Nyota litakuja mapema na litawadanganya.

Nusu fainali ya pili ni Radi na Tausi, yaani mabingwa na nyinyi. Nimeifikiria wiki nzima, hata nikipaka rangi. Radi wana yule msichana mrefu wa kupiga penalti kona, ule mpigo wa adhabu mbele ya lango. Nimemtazama kwenye simu ya Ouma hadi bando yake ikaisha. Anauvuta mpira kama anayevuta ndoo kisimani, taratibu, halafu huuoni tena. Tausi wamechoka, wamefika mchujo kwa kuchechemea, kipa wao ameumia goti, na aliyeitwa kuziba nafasi yake ni msichana wa miaka ishirini kutoka Kisumu ambaye hajawahi kucheza mechi ya ligi kwenye nyasi bandia. Angekuwa mtoto wa mtu mwingine ningeandika bila kusita: Radi tatu, Tausi bila.

Unaona. Tatu bila tena. Namba hiyo imeganda kwenye mkono wangu.

Hatujawahi kuzungumza kuhusu siku ile, wewe na mimi. Ulikuwa kidato cha nne na mlikuwa mnaenda kucheza fainali ya shule za mkoa, ugenini. Mwalimu wenu wa michezo, Madam Nekesa, alikuwa ameniagiza kitambaa cha kupeperusha, nami nilikitengeneza kwa mapenzi yote, herufi nyekundu zenye kivuli cha manjano: SONGENI MBELE WASICHANA. Kilikauka Alhamisi. Ijumaa asubuhi nikakikunja, halafu, kwa mkono ule ule, nikachukua chaki nikaandika ubaoni kwamba shule yenu itafungwa tatu bila.

Nilikuwa nikijigamba kwamba ubao wangu haujui ndugu. Ouma aliniuliza, wewe kweli, na mtoto wako ndiye kipa? Nikamwambia ndiyo maana watu wanauamini. Nilifurahia sana jibu hilo. Nililirudia kwa watu wawili au watatu kabla ya saa nne.

Basi la shule likasimama pale kona, na wewe ndiwe uliyetumwa kuja kuchukua kitambaa. Sikuwa nimelifikiria hilo. Ulikuja mbio, ukasimama mbele ya ubao, ukausoma wote kuanzia juu, mechi zote nne, ya kwenu ilikuwa ya mwisho.

Nikakwambia, "Nyathina, mwanangu, hiyo ni hesabu tu. Usichukulie kwa roho."

Ulipokea kitambaa kwa mikono miwili, ukasema asante, ukaenda. Nilikutazama ukipanda basi. Ningeweza kukuita. Ningeweza hata kuufuta ubao wakati basi bado liko pale, ungeona kupitia dirisha. Nilirudi ndani kuchanganya rangi.

Jioni simu ikapigwa. Tatu bila. Ouma akaninunulia soda baridi, na wale wa karibu wakaja kunipiga mgongoni. Akoth, niliinywa ile soda. Nilikuwa bado na chupa mkononi ulipofika na gunia lako la pedi za kipa begani, uso umejaa vumbi la uwanja.

"Ulipatia, Baba," ukaniambia, ukapita ndani.

Hukusema kwa hasira, afadhali ungesema kwa hasira. Tangu siku hiyo hoki haijatajwa nyumbani kwetu. Viatu vyako ulianza kuviacha nje kwa jirani. Mechi zako za baada ya shule nilizisikia kwa watu, wakishangaa kwamba mimi, mwenye ubao, sijui mtoto wangu anacheza lini. Nilikuwa nawaambia nilisahau.

Mwezi uliopita Madam Nekesa alikuja karakana kuniambia kuwa watu wa Tausi wanakutaka. Nilidhani anatania. Nikamuuliza walikuonea wapi.

"Kwani hiyo siku ya fainali ulikuwa wapi, Baba Akoth?"

Nikamwambia nilikuwa hapa.

"Basi hukuona kitu. Hiyo mechi ilikuwa iishe tisa bila, hata kumi. Mabeki wetu walikuwa wamekwisha. Huyo mtoto alibaki peke yake, anaanguka, anaamka, anaanguka, anaamka. Watu wa Nairobi walikuja kuangalia wale wengine, wakarudi na jina ya huyu."

Akaniambia pia kwamba penalti kona ya mwisho uliizuia kwa kifua, ukakaa chini kidogo, ukainuka ukamwomba msamaha mwamuzi kwa kuchelewesha mchezo. Nilicheka nikisikia hivyo, kwa sababu huyo ni wewe kabisa. Kisha nikashindwa kuendelea kucheka. Nilikuwa nimepatia matokeo, na sikujua chochote kilichotokea. Mechi nzima ya mtoto wangu ilichezwa, na mimi nilichokuwa nacho ni namba mbili za chaki na chupa ya soda. Nilimwaga machozi mbele ya mwalimu wako. Alijifanya anatazama mabango.

Ningetaka kuishia hapo. Kosa hili moja lingetosha kwa barua moja. Lakini kuna lingine kabla yake, na yote mawili ni kosa moja, nimekuja kuliona sasa nimekaa peke yangu hapa.

Unakumbuka pedi zako za kwanza. Shule ilikuwa na seti moja tu na ilikuwa ya kidato cha nne, kwa hivyo mama yako alipasua godoro kuukuu, akakata sponji, akazishonea turubai nililokuwa nimebakiza kwenye kazi ya kanisa. Kulikuwa na nusu ya herufi ya buluu kwenye goti la kushoto. Alikuvalisha pale uani, akachukua kipande cha mpera alichokuwa akifukuzia kuku, akakupigia limau ili uzuie. Alikuwa hajui sheria hata moja ya hoki. Hakuwahi kuuliza nani atashinda. Alikuwa anataka tu kujua kama uliumia.

Alipolazwa hospitali ya Kombewa ulikuwa kidato cha tatu. Daktari alitwambia kuna dawa nyingine watakayojaribu, na hakutuahidi kitu. Wewe ulisikia "watajaribu." Mimi nilisikia matokeo. Siku hiyo hiyo niliwapigia wajomba zako simu nikawaambia wajiandae, niliongea nje ya dirisha la wodi, na leo sina hakika kama dirisha lilikuwa limefungwa.

Alhamisi asubuhi alinishika kiganja. "Usiende mbali leo, Baba Akoth," akaniambia.

Nikamwambia siendi mbali. Kisha nikatoka, nikakuacha naye, nikaenda kwa seremala.

Unajua sisi hatufanyi hivyo. Hakuna mtu wetu anayemtafutia mtu jeneza angali anapumua. Mzee yeyote wa Seme angenitemea mate. Nilijiambia natumia akili, kwamba siku ya kilio mambo huwa mengi na mbao nzuri huwa hazipatikani haraka. Nilimpa yule seremala urefu. Akaniuliza marehemu alifariki lini. Nikamwambia bado. Akaweka chini kipimo chake.

"Mzee," akasema, "rudi kwa mgonjwa yako."

Nilirudi. Nilikuta umekaa kwenye benchi nje ya wodi, na mfuko mapajani, ndani yake leso ya mama yako na ndara zake. Hukuwa unalia. Ukaniuliza nilikuwa wapi, nikakwambia nilikwenda kumtafutia machungwa. Sikuwa na chungwa hata moja. Suruali yangu ilikuwa na vumbi la mbao kuanzia magotini hadi chini. Ukaliona. Ukainama, ukalikung'uta kwa mkono, taratibu, mguu mmoja kisha mwingine, ili shangazi yako na wajomba wasilione watakapofika. Ulikuwa mtoto wa miaka kumi na sita.

Siku hiyo pia nilikuwa nimepatia.

Miaka yote nimekuwa nikijiuliza kwa nini mimi ni mtu wa hivi, na jibu nililonalo halipendezi. Mimi ni mwoga. Nilidhani nikilitaja baya mapema, kwa sauti, mbele ya watu, basi likija litaniuma kidogo. Liliniuma vile vile, na zaidi ya hapo sikuwepo. Mama yako alikufa na wewe peke yako chumbani. Ulifungwa yale matatu na mimi niko hapa nikichanganya rangi. Kila mara nilikuwa nimeshafika mwisho, nikiwasubiri huko, nanyi bado mlikuwa katikati ya mchezo.

Nisingekuandikia haya usiku wa kuamkia safari yako kama yangekuwa yangu tu. Ningekaa nayo. Lakini simu ya Tausi ilipokuja, nilikuwa mlangoni, nikakusikia. Ulisikiliza, ukashukuru, ukaweka simu chini, na neno la kwanza ulilomwambia shangazi yako ni, "Nitakaa benchi tu, hata wasinitegemee." Shangazi yako akakwambia usiseme hivyo. Mimi nilikaa chini kwenye kopo la rangi. Sura umechukua ya mama yako, mikono umechukua ya mama yako, lakini maneno yale yalikuwa yangu. Nilikuwa nasikia ubao wangu ukizungumza kwa mdomo wako.

Sina dawa ya hilo. Ningekuwa nayo ningejitibu kwanza. Ninachojua ni kwamba siku ile ya fainali ulikuwa umesoma kwamba utafungwa tatu, kwa mwandiko wa baba yako, na bado ulianguka na kuamka hadi filimbi ya mwisho. Kwa hiyo kuna kitu ndani yako ambacho hakikutoka kwangu. Sijui kinaitwaje. Ukisikia lile neno la benchi linakujia tena, jua lina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi, uniachie.

Mvua imeanza. Nimetoka sasa hivi kwenda kuandika ubao kabla chaki haijashindwa kushika, na kile kibati cha juu kitaukinga hadi kesho. Ouma alitoka kusoma, akasoma mara mbili, akarudi ndani. Nakuambia nilichoandika ili usishtuke tena kama wakati ule.

Mstari wa kwanza: Mwewe 2, Nyota ya Mlima 1.

Mstari wa pili nimeandika Radi na Tausi, na mahali pa namba hakuna namba. Nimeandika: NITAWAAMBIA NIKIRUDI.

Nimeomba ruhusa kwa yule wa duka la dawa, bango lake litachelewa. Jumamosi ya wiki ijayo nitakuwa pale uwanjani. Sitakuja kambini kwenu, sitakuaibisha mbele ya wenzako, sitapiga kelele. Nitasimama nyuma ya lango moja, nisihame. Mkibadilishana upande baada ya mapumziko, ama utakuwa unanijia ama utakuwa unaniacha, na mimi nitakuwa pale pale.

Sitakudanganya kwamba moyo wangu umebadilika. Bado unaniambia tatu bila, na yule msichana mrefu bado ananinyima usingizi. Nakuja hata hivyo. Kama utafungwa, Akoth, nakuja kukuona ukifungwa, bao moja baada ya jingine, na niione na mipira yote utakayozuia, ambayo hakuna mtu anayeipigia simu. Nilitakiwa kufanya hivyo tangu zamani, pale Kombewa na baadaye.

Lakini najua sikualikwa. Ulinyamaza miaka hii yote na una haki ya kuendelea. Barua hii utaikuta juu ya jezi zako ukirudi leo usiku, na kesho asubuhi ukielekea stejini kupanda basi utapita mbele ya ubao, nami nitakuwa nyuma nikifunga begi lako kwenye baiskeli, sitakuwa natazama. Kama hutaki nije, ufute huo mstari wa pili. Sitakuuliza kitu, nitakusindikiza kama kawaida, na Ouma nitamwambia ni mvua.

Kitambaa cha kufutia nimekining'iniza kwenye msumari, upande wa kulia.

Ni mimi,
Baba yako